Usumaku Ule Ulitoka Wapi?

Sampuli ilikuwa inaning'inia ndani ya mrija wa plastiki, mrija wa aina ileile tunayonywea soda. Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu jambo hili wanadhani natia chumvi. Mashine yenyewe imejaa heliamu ya kimiminika, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kipimo chake kiitwacho skwidi huhisi usumaku hafifu ambao dira haiwezi hata kuukaribia. Lakini pa kuwekea sampuli ni mrija. Plastiki yake ni safi, na kwa kuwa mrija ni uleule juu na chini, mashine haiuoni. Inaiona sampuli tu iliyobanwa katikati, pamoja na chochote kilichoshikamana nayo. Hayo maneno ya mwisho yalinichukua karibu mwaka mzima kuyaelewa.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, na kazi yangu ilikuwa oksidi ya zinki iliyotiwa kobalti, metali inayovutwa na sumaku kama chuma. Oksidi ya zinki wengi wetu tumepakwa tangu utotoni: ndiyo iliyomo katika ile losheni ya kalamaini ya harara na tetekuwanga. Upinki wa losheni hiyo, kwa taarifa yako, unatokana na oksidi ya chuma kidogo inayochanganywa humo. Oksidi ya zinki yenyewe ni nyeupe ikiwa unga, na ikitandazwa kuwa utando mwembamba inapitisha mwanga kama kioo. Juu ya hayo ni semikondakta, yaani inapitisha umeme kwa kiasi unachoweza kukiongoza.

Kwa nini mtu atafute sumaku humo? Kwa sababu kompyuta zetu zina nyumba mbili. Hesabu hufanyika katika silikoni, kwa kusukuma chaji ya elektroni; kumbukumbu ya diski hukaa katika sumaku, kwa kutumia spini ya elektroni hiyohiyo, yaani usumaku wake mdogo wa asili. Kama ingepatikana semikondakta ambayo yenyewe ni sumaku, kazi zote mbili zingefanyika chini ya paa moja. Ilikuwepo tayari moja iliyoaminika: gali aseniki yenye manganizi. Tabu yake ni kwamba miaka ile ya mwisho wa tisini ilikuwa inapoteza usumaku wake ikifika kelvini 110 hivi, sawa na nyuzi 163 chini ya sifuri. Simu ya mkononi huwezi kuitia kwenye baridi hiyo.

Mwaka 2000 mwanafizikia Tomasz Dietl na wenzake walichapisha hesabu katika jarida la Science, wakionyesha kwamba oksidi ya zinki yenye manganizi asilimia 5 ingeweza kubaki sumaku hata katika joto la kawaida la chumbani. Mwaka uliofuata wanasayansi wa Japani wakatangaza usumaku wa joto la chumbani katika oksidi ya titani yenye kobalti, kisha wengine, pia Japani, katika oksidi ya zinki yenye kobalti. Baada ya hapo ilikuwa kama mvua ya masika. Karibu kila oksidi iliyoguswa ilisemekana ni sumaku. Walioisoma hesabu ya Dietl kwa harakaharaka, nami nikiwa mmoja wao, hatukukazia macho sharti lake: ilihitaji semikondakta iliyojaa matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni. Oksidi ya zinki kwa tabia yake hujaa elektroni, na kuigeuza ni kazi ngumu mno. Sampuli zilizokuwa zikipimwa duniani hazikuwa zile ambazo hesabu ilizizungumzia. Na wale waliotangaza oksidi ya zinki yenye kobalti walieleza wazi katika makala yao kwamba sampuli zilizorudia matokeo hazikufika asilimia 10. Nililisoma hilo nikalipita.

Usiku nilipoipima ile sampuli ya kwenye mrija, kwenye kioo cha kompyuta nikaona kitanzi. Unapoongeza uga wa sumaku kisha ukaupunguza, sumaku ya kweli hairudi kwa njia iliyojia. Inaacha mistari miwili iliyoachana katikati na kukutana kwenye ncha. Changu kilikuwa chembamba na kimepinda kidogo, umbo la jani la mwarobaini. Nikapima tena kwenye joto la kelvini 300, yaani joto la chumbani. Jani likabaki. Nilitoka nje kwenye theluji nikampigia mama simu, na huko nyumbani ilikuwa inakaribia alfajiri. Hakuelewa oksidi ni nini, lakini alielewa sauti yangu, akasema Alhamdulillah.

Hesabu ambayo ingepaswa kunitia shaka nilikuwa nayo kwenye daftari. Katika fuwele ya oksidi ya zinki kila atomu ya zinki imezungukwa na majirani 12 wa aina yake. Ukibadilisha asilimia 5 ya zinki kuwa kobalti, uwezekano kwamba kobalti fulani haina jirani hata mmoja wa kobalti ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 12, yaani 0.54. Zaidi ya nusu ya kobalti zote ziko peke yake. Fikiria uwanja wa mpira umejaa watu na mmoja tu kati ya kila 20 anaujua wimbo. Hata wakiimba kwa nguvu, sauti haiwezi kupokezwa kutoka kona moja mpaka nyingine. Ili kobalti zipokezane kwa ujirani tu, zingehitaji kufika karibu asilimia 20. Na mambo ni mabaya zaidi ya hapo: kobalti mbili zikikutana na oksijeni ikawa katikati yao, spini zao hugeukiana, moja juu nyingine chini, na usumaku wao unafutana. Kwa hiyo kila anayesema ameona feromagneti, yaani sumaku ya kweli, katika kitu kama hiki anadaiwa jibu la swali moja: ni nini kinachozifunga spini hizi pamoja kutoka mbali namna hiyo?

Majibu yalikuwepo, na baadhi yalikuwa mazuri. Mwanafizikia Michael Coey na wenzake huko Dublin, Ireland, walipendekeza mwaka 2005 kwamba palipopungua atomu ya oksijeni katika fuwele hubaki elektroni ambayo wingu lake hutanda mbali, likafunika kobalti nyingi kwa pamoja na kuzilazimisha kuelekea upande mmoja. Wazo hili nilipenda kulichora ubaoni. Bado nalipenda.

Niliandika muhtasari, tukautuma kwenye mkutano wa kisayansi, ukakubaliwa. Halafu nikaanza kutengeneza sampuli nyingine ili nijaze makala.

Kati ya sampuli 11, tano zilitoa jani la mwarobaini na sita zikatoa mstari tu. Nilipanga meza ya kila kitu: joto la kutengenezea, shinikizo la oksijeni, nguvu ya leza, kiasi cha kobalti. Hakuna kilichofuatana na usumaku. Nilianza kusema maneno ambayo leo nikimsikia mwanafunzi anayasema namsimamisha hapohapo: kwamba usumaku huu "unategemea sana mazingira ya utengenezaji." Kusema hivyo ni kukubali kwamba hujui unategemea nini.

Msimamizi wangu, mtu wa maneno machache, aliniomba grafu moja tu. Usumaku dhidi ya unene wa utando. Nilikuwa na tando za nanomita 50, 100 na 200; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kama usumaku unatoka ndani ya utando, ule wa 200 ungetoa mara nne ya ule wa 50. Nukta zangu zililala kwenye mstari wa mlalo. Utando ukinenepa, usumaku haujali.

Nilikaa mbele ya grafu hiyo muda mrefu. Kisha nikafanya hesabu nyingine, ambayo ningeweza kuifanya siku ya kwanza kwa kalamu. Utando wangu wa nanomita 100 juu ya kipande cha yakuti cha milimita 5 kwa 5 una uzito wa mikrogramu 14 hivi. Yakuti iliyo chini yake ina miligramu 50. Yaani ninachokipima ni chembe juu ya jiwe lenye uzito wa zaidi ya mara 3,000 yake, na jiwe hilo lenyewe linaisukuma sumaku kinyume kidogo, kiasi kwamba kwenye uga wa tesla 1 ishara yake ilizidi ishara niliyoitafuta zaidi ya mara kumi. Kitanzi changu kilikuwa kile kilichobaki baada ya kutoa jiwe. Je, chuma kiasi gani kingetosha kutoa kilichobaki? Jibu: nanogramu 46. Ukikifinyanga kuwa mchemraba, upande wake ni mikromita 18, karibu robo ya unene wa unywele.

Nilipomwonyesha fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, hakuangalia namba. Aliuliza, "Unazishika na nini?"

Nilikuwa nazishika na kibano cha chuma kisichoshika kutu, kama kila mtu. Akafungua droo akatoa kibano cha plastiki chenye uzi mwekundu umefungwa shingoni, akasema uzi ule ni ili kisitoke kwenye chumba kile. Alikuwa amekiweka pale kabla sijafika chuoni.

Tulichukua vipande vitatu vya yakuti tupu, bila utando wowote. Tukaviosha kwa asidi ya hidrokloriki na maji safi, tukavishika kwa plastiki, tukavipima. Mistari mitatu iliyonyooka, inateremka, kama inavyopaswa. Kisha kimoja nikakishika kwa kibano changu cha chuma, ukingoni, kwa namna niliyozoea, nikakizungusha kidogo kama ninavyofanya nikikitoa kwenye kishikizo. Nikakirudisha kwenye mrija. Baada ya saa tatu jani la mwarobaini lilikuwa kwenye kioo, katika jiwe ambalo halikuwahi kuona kobalti.

Chini ya hadubini tulikiona chenyewe: mkwaruzo mweusi ukingoni, mfupi kuliko milimita. Hapo nilikumbuka jambo ambalo hata sonara wa sokoni analijua. Katika vito vya sonara, yakuti ni ya pili kwa ugumu baada ya almasi. Nilidhani chuma kinaishika yakuti, kumbe yakuti ilikuwa inakikwangua chuma kama tupa. Na chuma kisichoshika kutu, hata kile kisichovutwa na sumaku kikiwa kipya, kikikunjwa na kusuguliwa hubadilika mpangilio wa atomu zake kuwa aina inayovutwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilikuwa limeandikwa. Mwaka 2004 kundi la Dublin lilitangaza usumaku katika oksidi ya hafini, ambayo haina hata atomu moja ya kawaida ya sumaku. Mwaka 2005 Abraham, Frank na Guha wa kampuni ya kompyuta ya IBM wakaonyesha kwamba tando za oksidi hiyo hazina usumaku, na kwamba kuzishika kwa kibano cha chuma kunatoa ishara inayofanana na ile iliyoripotiwa. Makala hayo nilikuwa nayo. Niliyaweka kwenye jalada la hafini, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa zinki.

Tuliuondoa muhtasari wetu kwenye mkutano. Barua niliiandika mwenyewe, na msimamizi wangu hakubadilisha neno. Sikufukuzwa wala sikudharauliwa. Nalisema hili kwa ajili ya kijana anayesoma na ana grafu ya namna hii amekaa nayo peke yake usiku.

Sampuli zilizoshikwa kwa plastiki zilikuwa za kijani na hazikuwa sumaku. Ukijani huo si pambo. Kobalti ikikaa mahali pa zinki, ikizungukwa na oksijeni nne, hunyonya mwanga wa karibu nanomita 565, 610 na 655, na kinachobaki ni kijani. Watengeneza rangi wameutumia tangu karne ya 18. Kwa hiyo tulijua kobalti imekaa pake. Na ikikaa pake, kila moja ilijiendea kivyake: paramagneti, inayofuata uga ukiwepo na kusahau ukiondolewa. Mwaka 2008 huohuo Andreas Ney na wenzake walichapisha kipimo cha eksirei kinachoweza kuiuliza kobalti peke yake bila kuiuliza yakuti wala uchafu. Katika fuwele zao zilizo bora kabisa, kobalti zilizo peke yake zilikuwa paramagneti, na zilizokutana mbilimbili ziligeukiana. Nilipoisoma nilisikia kama mtu amefungua dirisha.

Lakini haikuishia hapo, na sitaki mtu adhani kila kitanzi ni kibano. Mwaka wa tatu nilianza kupasha tando zangu joto ndani ya ombwe ili zipoteze oksijeni, nikitafuta lile wingu la elektroni la Coey. Safari hii usumaku ulitokea kweli, ukaongezeka kadiri utando ulivyonenepa, na plastiki ilikuwa mkononi muda wote. Nilifurahi kwa wiki mbili. Kisha nikaona rangi. Ukijani ulikuwa umepauka, utando umekuwa wa kijivu.

Kobalti huiachia oksijeni kwa urahisi kuliko zinki. Ukiinyang'anya fuwele oksijeni yake, kobalti ndiyo ya kwanza kurudi kuwa metali, na atomu za metali hiyo hujikusanya vijipunje. Kobalti metali ni sumaku mpaka zaidi ya nyuzi 1,100. Eksirei ya kawaida ya maabara haikuviona, kwa sababu punje ya nanomita tatu inatoa mwale mpana na hafifu unaozama kwenye kelele. Nilizipoza sampuli mara mbili, mara moja uga ukiwa umezimwa na mara moja ukiwa umewashwa, nikazipima zinapopata joto. Mistari miwili ikaachana kwenye baridi na kuungana juu, alama ya punje ndogo ndogo ambazo joto huzitikisa. Hadubini ya elektroni ikamalizia. Vilikuwepo, vyeusi, vya mviringo, vimetawanyika kama mbegu za papai.

Hicho ndicho kilichokuwa sura ya nne ya tasnifu yangu, na ninajivunia kuliko ningejivunia kile kitanzi cha kwanza. Usumaku ulikuwepo, nami niliweza kusema unatoka wapi na unaondokaje: ukirudisha oksijeni ya kutosha, ukijani unarudi na sumaku inapotea.

Mjadala mkubwa uliendelea bila mimi. Wapo walioonyesha kwamba katika oksidi ya zinki yenye punje ndogo sana, usumaku hufuata wingi wa mipaka kati ya punje na punje, si wingi wa kobalti wala manganizi. Wapo waliohamishia macho kwenye nyufa, kasoro na nyuso za fuwele. Mimi naona njia hiyo ina mantiki zaidi, kwa sababu inaeleza kwa nini fuwele safi hazina kitu na zile zenye vurugu ndizo zina ishara. Ila kila ninaposoma makala mpya naanza na ukurasa wa mbinu, natafuta sampuli zilishikwa na nini, zilibandikwa kwenye hita kwa gundi gani ya fedha, na kama sumaku ya mashine iliondolewa mabaki ya uga kabla ya kupima, maana mabaki hayo peke yake hufungua kitanzi kidogo cha uongo. Nisipoyakuta, naendelea kusoma, lakini taratibu.

Sasa nafundisha nyumbani, pwani, ambako vumbi lenyewe lina chuma. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, tunaifunga kamba na kuiburuza mchangani mpaka inaota ndevu nyeusi. Hatuna leza, tunatengeneza unga kwa kuyeyusha asetati ya zinki na asetati ya kobalti, tunakoroga, tunakausha, tunachoma tanurini. Mwaka jana mwanafunzi wangu alikuja mbio na kikaratasi. "Dokta, imevuta!" Alikuwa amepitisha sumaku chini ya karatasi na chembe kadhaa za unga zilirukaruka.

Nilimwomba anionyeshe alivyokoroga. Alikuwa ametumia kile kisumaku kilichovikwa tefloni kinachozungushwa na jiko la maabara. Nilikigeuza mkononi. Tefloni ilikuwa imechakaa upande mmoja, na kwenye mchubuko kulikuwa na vumbi jeusi limejikusanya, chuma cha kila chombo kilichopita katika bika zile kwa miaka. Tulikuwa tunakoroga kwa sumaku, kisha tunauliza sumaku imetoka wapi. Nikamwandikia ubaoni: chuma sehemu 10 tu katika kila milioni ya unga zinatosha kutoa usumaku unaolingana na ule unaoripotiwa katika baadhi ya unga wa namna hii.

Hakukata tamaa, na hilo lilinigusa. Alirudia mchanganyiko wote siku ileile, akakoroga kwa kijiti cha kioo mpaka mkono ukamuuma, akapokezana na mwenzake. Kesho yake tulifungua tanuri pamoja. Unga ulikuwa wa kijani safi. Akaumwaga kwenye karatasi, akaisogeza sumaku chini yake pole pole, akarudia mara tatu. Hakuna chembe iliyotikisika. Akafungua daftari akaandika tarehe, saa, na mbele yake: kijiti cha kioo.